Ua la Vita Kifuani mwa Jezi: Dodoma Tungevaa Nini?

Kila Novemba jezi za Ligi Kuu ya Uingereza huwekwa ua jekundu la popi, na kila Novemba kwenye vibanda umiza vya Dodoma hakosekani wa kuuliza lile ua ni la nini. Wapo wanaodhani ni mdhamini mpya. Ni alama ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, hasa Vita Kuu ya Kwanza iliyokoma tarehe 11 Novemba 1918. Chama cha askari wastaafu wa huko kilianza kuchangisha kwa maua hayo mwaka 1921, na mpaka leo jezi zilizovaliwa kwenye mechi hizo hupigwa mnada ili fedha ziwafikie waliojeruhiwa na familia zao.

Ni jambo jema, na mtu anaweza kuuliza mbona sisi hatufanyi hivyo. Lakini kabla ya kuiga, tuwatazame waliokataa.

James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland ya Kaskazini, hakulivaa ua hilo tangu alipoanza kucheza Uingereza. Januari 1972 wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini kwao; 13 walikufa siku ile, na wa 14 baadaye. Mwaka 2014 alimwandikia mwenyekiti wa klabu yake ya Wigan akieleza kwamba ua lingekuwa la vita viwili vikuu pekee angelivaa, ila linawakumbuka wanajeshi wa vita vyote, wakiwemo waliokuwa Derry. Nemanja Matić naye, akiwa Manchester United mwaka 2018, alieleza kuwa ua lile humkumbusha mabomu ya NATO yaliyopiga nchi yao ya Serbia mwaka 1999, alipokuwa bado mtoto. Wote wawili hawakuwatukana wafu wa watu, walisema tu kwamba nao wana wafu wao. McClean alizomewa viwanjani mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa mtihani wa utiifu, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya alama hizi.

Hoja nyingine, kwamba mpira usichanganywe na siasa, hainigusi sana. FIFA waliishika mwaka 2016 wakavitoza faini vyama vinne vya Uingereza kwa sababu ya ua hilo, na mwaka uliofuata wakalegeza: alama inaruhusiwa iwapo timu pinzani na waandaaji wa mashindano wameridhia. Isitoshe, jezi ilishaacha kuwa kitambaa kitupu zamani. Kifua kinachobeba tangazo la kubashiri matokeo hakiwezi kudai kwamba jina la shujaa litakichafua. Ukiniuliza, aibu iko upande wa pili: kumweka aliyekufa kwenye Vita vya Kagera, tulivyopigana na Idi Amin wa Uganda, jirani na nembo ya kamari.

Na kwetu vita viko kwenye mpira tayari, tumezoea tu hatuvioni. Songea wana Majimaji, timu yenye jina la vita vya 1905 hadi 1907. Kigoma wana Mashujaa, timu ya jeshi. Kuna JKT Tanzania, kuna Tanzania Prisons. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 havikupiganwa na JWTZ peke yake. Polisi, magereza, JKT na wanamgambo kutoka mikoani walikwenda. Timu kama hizo zikiamua kushona alama mkononi kwa mechi moja, zitakuwa zinawakumbuka watu wao wenyewe. Sioni wa kuwazuia.

Ugumu unaanza na timu kama Dodoma Jiji, ambayo ni ya wananchi wa mji mzima. Ivae nini?

Tukilichukua ua la popi lenyewe, tutajikuta mahali pabaya. Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza, wengi wao wakitoka Afrika Kusini, yaliingia Dodoma yakiwafukuza Wajerumani. Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza nao wakachukua vilivyobaki. Mvua zilipogoma, Ugogo haukuwa na akiba. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na inakadiriwa kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hili walikufa. Mtu mmoja katika kila watano! Hao hawakushika bunduki, hivyo hawamo kwenye ua. Hata wapagazi waliokufa wakiwa kazini, wengi kwa maradhi na uchovu, hawakuandikwa. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Alama za kwetu basi? Tunazo, tena nzuri. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine hufuata na shada la maua, upinde na mishale, shoka. Mwaka 2024 ilifanyika hapa hapa Dodoma, kwenye mji wa Serikali wa Mtumba. Mkuki na ngao mdogo kwenye mkono wa jezi ungeeleweka hata kwa mtoto wa shule. Kasoro ni kalenda: Julai ligi huwa imefungwa, timu ziko kambini.

Kuna pia Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, ambako miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengineo walipiga kambi. Kongwa inanivutia kuliko Kagera kwa sababu haina jirani wa kuudhika. Mwaka 2027 tutaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Alama ya Kagera mbele ya Waganda ingehitaji maelezo marefu, ingawa Waganda waliokimbia utawala wa Amin walipigana upande wetu mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Maelezo hayo hayaenei kwenye jezi.

Kwa hiyo mimi naona timu za majeshi zivae zikitaka, timu ya taifa isivae, na Dodoma Jiji wakijaribu waanze na Kongwa, na dakika moja ya kimya kwa ajili ya waliokufa na Mtunya, Uwanja wa Jamhuri. Siku ya kufanyia ipo ndani ya msimu: tarehe 2 Novemba, siku ambayo mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Ila kabla fundi hajashika sindano, kanuni iandikwe kwamba mchezaji atakayevaa jezi bila alama hataitwa kujieleza, si na kocha wala na msemaji wa klabu.