Lipia mdomo, usilipie gari

Binamu yangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, ameandika kwenye grupu la ukoo: "Yuro mia nne na ushee kuonyeshwa magofu? Si ungekuja ukaenda Kilwa kwa nauli ya basi tu?" Zikafuata zile nyuso za kucheka hadi machozi. Kumi na saba, nimezihesabu. Shangazi naye akaweka ya kwake.

Basi najibu hapa, maana kule kwenye grupu ukizidisha mistari mitatu unaambiwa unahutubia.

Kwanza, Kilwa si bure. Huvuki kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yenyewe, bila kibali cha kulipia. Pili, hela ni zangu. Tatu, na hapa nasema kwa shingo upande, binamu ana haki nusu: sehemu kubwa ya hela zile nilizitupa baharini. Ila si kwa sababu anayoidhani yeye.

Mama alikuja kunitembelea hapa Ujerumani. Baada ya wiki tatu za mvua na kuangalia tramu dirishani akaniuliza, "Mwanangu, hivi Ulaya yenyewe ndiyo hii?" Nikakata tiketi za Rhodes, kile kisiwa cha Wagiriki kilichojibanza pembeni mwa Uturuki. Goti lake la kushoto halimsikii siku hizi, na mimi sikutaka aburuzwe kwenye msafara wa watu hamsini wanaofuata kibendera. Ndiyo maana nikachukua ziara binafsi ya siku nzima: gari letu, mtu wetu, mwendo wetu. Tangazo lilisema ziara "ya kuongozwa". Neno hilo mliweke kiporo, tutalirudia.

Asubuhi gari likaja, jeusi, linang'aa kama la harusi. Maji baridi, kiyoyozi, na dereva kijana aliyeshuka mbio kumfungulia mama mlango na kumshika mkono. Mama akaninong'oneza, "Huyu kalelewa." Kweli kalelewa, na kijana mwenyewe sina ugomvi naye.

Kituo cha kwanza Mandraki, bandari ya zamani. Kwenye mlango wa bandari zimesimama nguzo mbili, juu yake sanamu ndogo za mnyama paa. Dereva akanyoosha kidole: ile sanamu kubwa ya ajabu, Colossus, ilisimama hapa, mguu mmoja pale, mguu mwingine pale, merikebu zikipita katikati. Mama akashika shavu. Mimi nikanyamaza, lakini roho inaniuma. Sanamu ilikuwepo, hilo halina ubishi. Ilikuwa ya Helios, mungu wao wa jua, kazi ya fundi Chares wa Lindos, ikakamilika mnamo 280 KK ikiwa na urefu wa mita 33 hivi, na tetemeko la 226 KK likaivunja magotini. Lakini hii ya kutanua miguu juu ya bandari ni ndoto ya wachoraji waliozaliwa karne nyingi baadaye. Shaba ya ukubwa ule haisimami hivyo, na bandari ya biashara haifungwi miaka kumi na ushee kwa ajili ya jukwaa la mafundi. Nani abishane saa tatu asubuhi, lakini?

Kisha duka la vyungu. Kituo hiki wote mnakijua, kipo kila nchi yenye watalii, na mwenye duka siku zote anamwita dereva kwa jina. Kwenye ratiba kiliitwa "kukutana na mafundi wa kienyeji". Fundi hatukumwona. Dakika arobaini, sahani moja yenye picha ya paa, twende.

Tukafika Lindos, kilomita kama 50 kusini mwa mji. Kijiji cheupe, juu yake mwamba, juu ya mwamba hekalu la Athena, mungu wao wa kike. Dereva akaegesha, akazima gari, akasema, "Nawasubiri hapa. Mna saa moja na nusu."

"Wewe huji?"

"Siruhusiwi."

Nikadhani anatania. Hatanii. Ugiriki kazi ya kuongoza wageni kwenye maeneo ya kale ni ya mwenye leseni ya serikali, mtu aliyesomea na kufanya mitihani, mwenye kitambulisho shingoni. Dereva anaendesha. Akisimama ndani ya ua wa hekalu aanze kueleza, anajitia matatani. Nami nilipolirudia tangazo kwenye simu, chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nikakuta wameandika kwamba dereva hatoi maelezo ndani ya maeneo ya kihistoria. Juu "ya kuongozwa", chini "jiongozeni".

Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa sheria. Kijana kazaliwa kisiwani, bibi yake kazaliwa kisiwani, halafu serikali inamzuia kusimulia kwao? Nikamwacha mama kivulini na glasi ya maji ya limau, akiwaangalia punda wanaopandisha wageni (tangu 2018 sheria inasema punda asibebe zaidi ya kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake, mama akasema sheria hiyo ingefika na kwetu), nikapanda peke yangu. Ngazi ni nyingi, jua ni kali, tiketi ya kuingia ni juu yako pia. Nikafika juu, nikapiga picha nguzo, nikapiga picha bahari. Nikamwomba Mholanzi mmoja anipige na mimi, chini kidogo, penye ukuta wa mwamba wenye kivuli. Nikashuka. Dakika hamsini na tano. Nikajiona nimemaliza Lindos.

Sasa sikilizeni. Ile picha ya ukutani, jioni nilimwonyesha mtu anayejua, nitamfikia. Akaitazama, akaikuza kwa vidole, akacheka hadi akashika ubavu. Nyuma ya bega langu la kulia, mwamba umechongwa tezi la merikebu ya vita, ile sehemu yake ya nyuma. Tezi zima, na mkunjo wake, limechongwa kwenye mwamba wenyewe mnamo 180 KK, na watu wanatoka Japani kuja kuliona. Mimi nimelipa kisogo, nikavua kofia, nikatabasamu, na merikebu ya miaka zaidi ya 2,000 iko mgongoni sijui. Mtoto wa Tanga! Nimekua nikiona majahazi yakichongwa, tezi nalijua kabla ya kujua kusoma, na nimelipita kama ukuta wa choo.

Hilo ndilo jibu langu kwa binamu. Magofu yenyewe hayasemi. Jiwe halina mdomo. Unachonunua kwenye ziara ya namna hii ni mdomo wa mtu, basi. Mdomo uliosoma, unaojua lipi ni kweli, lipi hadithi, na lipi la kumwambia mgeni huyu na si yule. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wanakuonyesha gari. Picha sita za gari, viti vya ngozi, maji ya bure, intaneti ya bure ndani ya gari, jamani, nani kapanda ndege kwenda Rhodes kutumia intaneti garini? Mdomo wanauficha chini kwenye sisimizi, kwa sababu mdomo ni ghali na gari ni rahisi. Siku nyingine nitapanda basi la abiria, lipo, linakwenda Lindos kila siku, na hela yote nimpe mwenye kitambulisho.

Na ile sheria? Sawa, nimeikubali. Sijaipenda. Inawabana vijana wengi wenye akili. Lakini kijana huyu mwenye akili aliniambia mguu mmoja pale na mwingine pale.

Nikiwa bado Lindos nikawapigia watu wa mapokezi hotelini, wakanitafutia mwongozaji mwenye leseni, kwa muda wa saa mbili, jioni ileile. Akaja mama wa makamo (ndiye huyo aliyeicheka picha yangu), raba miguuni, mwavuli wa jua mkononi. Mimi hakunitazama. Alimtazama mama anavyoshuka kwenye gari, kisha akaniuliza, "Goti lipi?" Papo hapo akabadilisha njia. Mji mkongwe wa Rhodes tusiuingilie lango la bandarini kama wote, tuzunguke kwa gari hadi lango la juu, tuanzie kwenye jumba la mkuu, ili mama ateremke tu, asipande hata mara moja. Mabonde na vilima vyote vya mji ule alikuwa navyo kichwani, na goti la mama akaliweka humo.

Jumba lenyewe msijisumbue sana kulisujudia. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane waliishika Rhodes kuanzia 1309 hadi Sultani Suleiman alipowatoa 1522, na jumba lilikuwa lao. Lakini 1856 ghala la baruti liliripuka jirani likalibomoa, na hili tunalolipigia picha Waitaliano walilijenga upya kati ya 1937 na 1940, enzi za Mussolini, wakaleta na sakafu za vijiwe kutoka kisiwa cha Kos. Jumba la karne ya 14 lililompita mama yangu umri miaka kumi na tano. Mwongozaji alilisema hilo mlangoni, kabla hatujaanza kustaajabu, na nikampenda hapo hapo.

Kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Mwongozaji anazungumza Kiingereza dakika tatu, mimi namgeuzia mama kwa sentensi mbili. Tukiwa katikati ya mtaa wa watawa wale wapiganaji, mama akasimama. "Yeye kasema maneno mengi. Wewe umesema mawili. Mengine umeyapeleka wapi?" Nikaona aibu. Kumbe na mimi nilikuwa dereva tu. Kuanzia hapo nikatafsiri kila kitu, hata ngamia: inasimuliwa kwamba vipande vya ile sanamu vililala chini karne nyingi, hadi Waarabu walipofika karne ya 7 wakaviuza, na mnunuzi akavibeba kwa ngamia 900. Mwongozaji akasema hii mwandishi mmoja aliiandika muda mrefu baadaye, msiiamini sana. Nikatafsiri na hilo pia, kwa sauti, neno kwa neno.

Saa ya Alasiri mama akaanza kutazama saa. Mwongozaji hakuuliza. Akatupeleka msikiti wa Ibrahim Pasha, wa karne ya 16, ambao bado unasaliwa. Waislamu wa kisiwa walibaki kwa sababu ya bahati ya tarehe: 1923, Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu kwa dini zao, Rhodes ilikuwa mikononi mwa Italia, haikuhusika.

Mwisho tukateremka mtaa wa Wayahudi. Ziara nyingi huufanya mahali pa chakula cha mchana, na kweli wahudumu wanakupungia menyu zenye picha za samaki. Katikati ya uwanja kuna chemchemi ya farasi wa baharini, na mbele kidogo jiwe jeusi la kumbukumbu. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia Wayahudi wa kisiwa hiki kwenye mashua, zaidi ya watu 1,600, hadi bandari ya Piraeus, kisha kwa treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi hai ni kama 150. Mama alisoma mdomoni mwangu kabla sijamaliza, akasema "Inna lillahi", akakaa kwenye ukingo wa chemchemi.

Sinagogi ya Kahal Shalom, ya 1577, ilikuwa imeshafungwa. Tukasimama kwenye kichochoro mbele ya mlango, na pale mwongozaji akasema jambo ambalo gari lolote lisingenipeleka. Waliopona zaidi, akasema, ni waliokuwa wameshaondoka. Maisha yalikuwa magumu, vijana wakaenda Afrika kutafuta riziki, wengi sana Kongo, mji wa Elisabethville.

"Lubumbashi!" nikapiga kelele. Paka wawili wakakimbia.

Ndiyo, Lubumbashi, ndilo jina lake la sasa. Walifungua maduka, 1930 wakafungua sinagogi yao, watoto wao wakakua na Kihispania cha Kiyahudi nyumbani na Kiswahili mtaani. Nikakumbuka kwamba Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi, alikuwa Myahudi wa Rhodes. Katumbi wa klabu ya mpira ya TP Mazembe! Mazembe iliyomwona Mbwana Samatta akiwa Simba 2011 ikamchukua, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika 2015. Sasa ikawa zamu yangu kueleza na yeye kusikiliza. Mpira haujui, lakini alitoa kijitabu kwenye mkoba akaniomba nimwandikie "Mazembe" kwa herufi kubwa.

Mama yuko Tanga sasa. Wiki iliyopita dada alinirekodia kwa siri, mama yuko barazani na majirani, sahani ya paa imetundikwa nyuma yake. Anawasimulia Rhodes. Ngamia wamefika elfu tatu. Na ile sanamu, anasema, akisimama kwa lile goti lake bovu na kutanua miguu, ilisimama hivi, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, merikebu zinapita katikati.