Kwetu watu wapo, kinachokosekana ni chumba cha kusemea

Naishi Columbus, Ohio, kwetu Moshi, na leo naongelea kitu ambacho wengi tulioko huku tunakinong'ona tu pembeni. Pombe. Mi nilikuwa nakunywa vibaya sana na nimeacha, na kilichonishika mkono ni mikutano ya AA, yaani walevi walioacha na wanaotaka kuacha wanakaa chumba kimoja wanasimuliana. Ndo hivyo tu, hamna uganga.

Kitu chenyewe kimeanzia hapahapa Ohio, mji wa Akron, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa mambo ya hisa kutoka New York, alikuja kibiashara mambo yakagoma, akaona kabisa anaelekea baa, ndo akaanza kupiga simu makanisani atafutiwe mlevi mwenzake wa kuongea naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji anaitwa Bob Smith, wakakaa masaa wanaongea. Mlevi na mlevi. Hadi leo hamna kikubwa zaidi ya hapo, na mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 wakaona kwa kumfanya mtu aache kabisa, njia hii haipitwi na tiba nyingine zinazojulikana, na mara nyingi inazipita.

Kuupata mkutano ni rahisi, kuna programu ya simu inaitwa Meeting Guide inakuonyesha ulio karibu na saa yake. Ule ulioandikwa wazi yeyote anaingia, hata mke au kaka yako, uliofungwa ni wa wenye shida tu. Ninakoenda mimi ni chini ya kanisa, viti vya kukunja, birika kubwa la kahawa, vikombe vya karatasi. Hamna anayekuuliza makaratasi yako ya uhamiaji wala jina la ukoo. Kikapu kinapita, una dola weka, huna kipitishe, pesa ya serikali au ya mfadhili hawaitaki. Wapo wanaoletwa na mahakama, mwishoni wanasainiwa karatasi yao wanaondoka, hakuna anayewashangaa. Waliyosema watu sitayasimulia, yanabaki mle ndani. Ila siku ya kwanza nilipotoka mzee mmoja alinifuata mlangoni akaniandikia namba yake nyuma ya kijitabu, akaniambia piga kabla hujanywa, usipige ukishakunywa.

Ndugu zangu Waislamu, mikutano mingine huku inafungwa kwa sala ya Baba Yetu, unaweza kunyamaza tu, hamna atakayekugombeza.

Sasa nyumbani. Nyumbani mlevi anajulikana na kijiji kizima ila hana pa kusemea. Atachekwa, atatungiwa jina, shangazi atatafuta dawa ya kumwekea kwenye chakula bila yeye kujua, wazee watamwita kikao wamseme, na kikao chenyewe mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo mezani! Kwetu Uchagani kata ya mbege inapopita kwenye shughuli ya mahari ukaikataa unaulizwa una ugomvi na nani, mtu anayejitahidi kuacha anakunywa ili asionekane ana kisirani. Na akienda kumwambia mtu wa dini kwamba kashindwa, jioni wakwe wanajua. Hapo ndo naona tumekwama. Daktari tunaweza kumpata, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Kenya kuna namba ya bure 1192 ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, lakini mahali pa kusema bila kutangazwa hapapo mitaa mingi.

Na lingine linaua watu kabisa: mtu aliyekuwa anakunywa kila siku kutwa nzima anafungiwa ndani na ndugu ili aache. Jamani msifanye hivyo. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla mtu anaweza kupata degedege, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kufa. Apelekwe hospitali kwanza, kikundi kije baadaye.

Nikisema hivi msidhani huku ni peponi. Huku unatoka shifti ya usiku unajifungia na chupa, wiki inaisha hakuna aliyegonga mlango, nyumbani usingemaliza siku mbili bila jirani kuuliza mbona hajaonekana. Jirani wa namna hiyo ndo nusu ya matibabu, tunaye tayari na tunamtumia kusengenya. Na msiniambie ni mambo ya wazungu, Zanzibar soba hausi, nyumba wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, zinaendeshwa na vijana walioacha heroini wenyewe, wanafuata hatua zilezile 12 za kuacha zinazofuatwa na AA, kwa Kiswahili, kwenye jamii ya Kiislamu. Nairobi nako mikutano ya AA ipo miaka mingi. Mbona vikoba tunakaa kila wiki na hela za watu hazipotei? Siri ya mtu tutashindwaje kuitunza?

Kwa hiyo paroko, mchungaji, shehe, mwenyekiti wa mtaa, naomba kitu kimoja tu, toeni chumba lisaa limoja kwa wiki, viti na chai, muwaachie walioacha waendeshe wenyewe, na msiombe orodha ya majina.