Kipaji Ubaoni, Kiboko Mezani

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na si wanafunzi wote waliorudi darasani hadi Januari 2022. Hakuna nchi nyingine iliyofunga shule kwa muda mrefu hivyo, na watoto wapatao milioni 15 waliguswa. Milango ilipofunguliwa, wako wasichana waliorudi wakiwa tayari ni mama, na wako wavulana walioona pesa ya bodaboda ni tamu kuliko daftari. Tangu hapo afya ya akili imeanza kutajwa hata kwenye vikao vya wazazi, ambako zamani watu walizungumzia ada, posho na matokeo ya P.7, yaani darasa la saba la msingi, basi.

Katika mazungumzo hayo kuna wazo linalozidi kupata wapenzi: programu za shuleni zinazoanzia kwenye uwezo wa mwanafunzi. Haziulizi kwanza mtoto huyu ana kasoro gani. Zinauliza anaweza nini, nani humtegemea, na alivukaje shida iliyopita. Kitaaluma wazo hili linadaiwa sana na Wamarekani Christopher Peterson na Martin Seligman, ambao mwaka 2004 walitoa orodha ya sifa njema 24, zikiwemo udadisi, ushujaa, shukrani na ustahimilivu.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Mtihani wa kumaliza msingi hupima masomo manne tu, na jumla ya alama 4 ndiyo bora, 36 ndiyo mwisho wa orodha. Mtoto asiyeng'ara hapo huondoka akiamini hana kitu. Tazama kambi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Mtoto aliyetoka Kongo hufika akizungumza Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao na Kifaransa kidogo cha shule, lakini kwa kuwa Kiingereza hakimtoki anaweza kurudishwa madarasa kadhaa nyuma, akae na wadogo zake. Uwezo wake wa lugha unahesabiwa kuwa upungufu. Na hii ni nchi ambayo baraza lake la mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima! Mwalimu angemsimamisha mtoto huyo awafundishe wenzake salamu na hesabu za kwanza kwa Kiswahili, asingehitaji bajeti wala semina.

Wapinzani husema darasa la watoto mia moja na zaidi haliruhusu mambo hayo. Mimi naikubali hoja hiyo nusu. Wingi wa watoto huzuia mazungumzo ya mmoja mmoja, kweli, ila haumlazimishi mwalimu kumwita mtoto mjinga.

Hoja yao inayonikaa zaidi ni nyingine. Chukua mtoto aliyekuja bila kula, akachelewa kwa sababu ya kuteka maji, akapokelewa na kiboko langoni, kisha saa nne akafundishwa somo la ustahimilivu. Somo hilo linamwambia nini, kama si kwamba azoee? Mzigo wa mkubwa umehamishiwa kwa mdogo, tena kwa kusifiwa. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni. Fimbo bado zipo, na hakuna anayezificha.

Hapa utafiti wa wilaya ya Luwero unatusaidia kuliko mahubiri ya upande wowote. Shirika la Raising Voices la Kampala lilipeleka mpango wake wa shule bora katika shule 21 za msingi, zikalinganishwa na nyingine 21 ambazo hazikuupata. Kazi kubwa ilikuwa kwa watu wazima: kamati za walimu, wanafunzi na jamii, kanuni za mwenendo, na nidhamu isiyo ya fimbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na karibu 49 katika zile nyingine. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Lakini vipimo vya afya ya akili havikuonyesha tofauti, na alama za masomo hazikupanda.

Kila upande unaweza kuondoka na kipande chake hapo. Mimi nasoma hivi: kumwondolea mtoto kipigo kuna thamani hata kama hakutibu huzuni, na anayeuza programu ya shule kama dawa ya sonona anaahidi asichokuwa nacho. Uingereza nako, jaribio kubwa la mafunzo ya utulivu wa akili katika shule 85, lililotolewa mwaka 2022, halikupata faida juu ya masomo ya kawaida ya hisia na mahusiano.

Tena Luwero kulikuwa na jambo ambalo halitajwi sana. Watoto walipoulizwa, walifunguka, na 434 kati yao ikabidi waelekezwe kwenye huduma za ulinzi wa watoto. Ukimwambia mtoto aseme, atasema. Je, nani atampokea? Shuleni ni mwalimu mlezi wa kike, ambaye ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha. Hospitali ya taifa ya akili ni Butabika, Kampala. Kwa mwanafunzi wa Mpondwe, Kasese, mpakani na Kongo, ambako Juni 2023 wavamizi waliwaua wanafunzi wenzake bwenini, umbali huo si jambo dogo, wala huwezi kumpa orodha ya sifa 24 ukaondoka.

Kwa hiyo programu hizi ningezikaribisha, lakini kwa mpangilio: kwanza walimu na fimbo zao, pili mtu wa kumpokea mtoto aliyesema, kisha ndiyo masomo ya vipaji. Upinzani mkali hautatoka wizarani. Mwalimu mkuu akitangaza kikaoni kwamba fimbo zimeondoka, atainuka mzazi aseme, "Mwalimu, wangu mchape tu, nimekuruhusu." Mzazi huyo anampenda mwanawe, na amewahi kuona shule yenye viboko ikiongoza wilaya kwa matokeo. Luwero walimweka jirani yake ndani ya kamati. Anayepanga programu mpya bila kiti cha mzazi huyo atafanya kazi ya mchana ambayo jioni, nyumbani, itabomolewa.