Kijiji Kinachojua Umri Wake

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa České Budějovice, bibi mmoja aliyevuka miaka 80, alinichukua twende tukatembee Holašovice, kijiji kidogo kilicho magharibi ya mji huu wa kusini mwa Ucheki. Tulikaa kando ya kidimbwi kilicho katikati ya uwanja wa kijiji, akaninyooshea kidole kuta za mbele za nyumba, juu kabisa chini ya paa, ambako mwaka umeandikwa kwa tarakimu kubwa. Kisha akaniuliza kwa upole: "Na kijiji chenu kilianza lini?" Nilimjibu kwamba sijui. Akadhani sikukielewa Kicheki chake, akarudia swali polepole.

Holašovice haina ukubwa wa kumshangaza mtu. Uwanja wake una urefu wa mita 210 na upana wa mita 70, na nyumba 23 za wakulima zimeuzunguka. Kati ya nyumba na nyumba kuna lango la upinde la kuingilia uani, na nyuma kabisa ndipo mashamba yanapoanza. Upande wa kusini ni vilima vya Blanský les na mlima Kleť, wenye mita 1,084. Lakini kijiji hiki kinajua kwamba kilitajwa katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1263, kwamba mwaka 1292 mfalme Václav wa Pili alikikabidhi kwa watawa wa Vyšší Brod, na kwamba kati ya 1520 na 1525 tauni ilikifagia hadi wakabaki watu wawili. Wawili tu! Watawa wakaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria, Kijerumani kikatawala, hata mwaka 1895 wasemaji wa Kijerumani walihesabiwa 157 na wa Kicheki 19. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walifukuzwa na nyumba nyingi zikabaki tupu. Ukarabati ulianza miaka ya 1990, na mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza kijiji katika orodha ya urithi wa dunia.

Wengi wanaokaa humo leo si wajukuu wa waliojenga nyumba hizo. Kijiji kimebadilisha watu zaidi ya mara moja, na bado habari zake hazikupotea, kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi. Tena nchi hii haikuliacha jambo hilo kwa watawa na wasomi peke yao: sheria ya mwaka 1920 iliagiza kila serikali ya kijiji iwe na kitabu cha kumbukumbu, wanachokiita kronika, na sheria ya mwaka 2006 imelirudia sharti hilo. Huteuliwa mtu wa kuandika yaliyotokea mwaka hadi mwaka, hata kama ni mafuriko madogo au paa jipya la shule.

Sasa nakuja nyumbani. Kijiji chetu, mkoani Singida, kilipata sura yake ya leo wakati wa Operesheni Vijiji, pale serikali ya Tanzania ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970, na kila msomaji wa rika langu anajua wazazi wetu walihamaje. Nilipokwenda likizo niliomba kuona kumbukumbu za miaka hiyo. Nilionyeshwa kaunta buku moja ya mihtasari ya vikao. Mchwa walikuwa wameila kuanzia jalada la nyuma, na kurasa zilizosalia zilikuwa za miaka minne tu. Mtendaji alinieleza kwamba kila kiongozi huondoka na madaftari yake.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nimelewa Ulaya, na kwamba kijiji kisicho na maji hakihitaji historia. Ndugu zangu, ni kwa sababu ya maji ndiyo maana naandika. Kisima chetu kilichimbwa kwa michango ya wananchi. Nani leo anaweza kuonyesha kila kaya ilitoa kiasi gani, pampu iliharibika lini, na fedha za matengenezo alipewa nani? Kila mwenyekiti mpya huanza upya, na kila mgogoro wa mpaka wa shamba unamsubiri mzee mmoja atoe ushahidi, naye akifariki, mwenye nguvu ndiye anayesogeza jiwe.

Wala sisemi kwamba hatuna kumbukumbu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akitaja mababu saba mfululizo, na wake zao, na vilima walikozikwa. Nilimwuliza jirani yangu jina la baba wa babu yake, hakulijua. Nikamtajia mababu zangu mmoja mmoja, akanishika mkono na kuniomba nirudie. Niliona fahari kubwa siku ile. Ila bibi yangu ametangulia mbele ya haki, na mimi nakumbuka wanne tu kati ya wale saba. Hilo linaniuma kuliko kejeli yoyote nitakayoandikiwa hapa.

Jumatatu usiku nilimpigia simu baba mdogo, nikamwuliza lile swali la kando ya kidimbwi. Akasema walihamia mwaka ule waliokula unga wa Yanga, yaani unga wa mahindi ya njano. Nyuma yake nikamsikia mama mdogo akikataa: unga wa Yanga ulikuja wakati nyumba zimeshaezekwa, na yeye alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Wakabishana dakika kumi nzima, salio langu likaisha. Nimemtumia kijana wao fedha za kununua kaunta buku mbili na sanduku la bati, na nimemwomba aandike maneno ya wote wawili, kila mmoja kwenye ukurasa wake, na jina lake juu.