Uradi wa Ziara ya Viungo

Ami yangu ana shamba la viungo Kizimbani, Unguja. Huko kila mwenye mikarafuu mitatu na shina la mchaichai ana ziara ya watalii, basi kujulikana ni kazi. Siku moja akaniita barazani kwake Miembeni.

"Wewe si ndiye fundi wa mitandao? Mbona nikiiuliza hiyo Google ziara ya viungo inawataja wenzangu wote, mimi hainitaji? Nimeikosea nini?"

Jibu la haki nilikuwa nalo. Ukurasa wake ulikuwa na mistari mitatu na picha nzito kama gunia la karafuu mbichi. Ilitakiwa tukae, tuandike kitu ambacho mtu akikitafuta atakipata kweli. Lakini kazi ile ina jasho, na usiku ule kulikuwa na mpira.

Nikakumbuka hila ya zamani niliyoiona kwenye video. Unaandika yale maneno watu wanayotafuta, mara nyingi uwezavyo, kisha unayapaka rangi ileile ya nyuma yake. Meupe juu ya weupe: mgeni haoni kitu, mashine inasoma yote. Nikaandika "ziara ya viungo Zanzibar bei nafuu", nikanakili, nikabandika, nikabandika, mpaka kidole kikafa ganzi. Nikaona nisiwe mchoyo, nikatia na pomboo wa Kizimkazi, kasa wa Nungwi na kobe wa Changuu. Mwisho, kwa tamaa tu, nikatia simba, tembo na Mlima Kilimanjaro. Ukurasa ukabaki safi kama kanzu ya Ijumaa. Nikaenda zangu kutazama mpira.

Niliyemsahau ni Ami mwenyewe. Macho yake yaliingia presha zamani, na simu yake ndiyo inayomsomea kwa sauti. Na ile sauti haijui rangi. Meupe, meusi, kwake yote maandishi.

Siku ya pili, baina ya alasiri na magharibi, baraza limejaa, muuza kahawa anagonga vikombe, Ami akatoa simu kwa madaha. "Hebu sikilizeni shamba langu alivyolipamba kijana wetu." Akapandisha sauti mpaka mwisho.

Simu ikaanza vizuri: "Karibu Kizimbani. Shamba letu lina karafuu, mdalasini, iliki na kungumanga." Wazee wakasema mashaallah. Nami nikainama kidogo, kama mtu anayepokea sifa.

"Ziara ya viungo Zanzibar bei nafuu. Ziara ya viungo Zanzibar bei nafuu. Ziara ya viungo Zanzibar bei nafuu."

"Imeganda?" akauliza Ami, akaipiga kofi la mgongo. Wapi! Nikaruka kumpokonya. Sasa simu ya namna ile ukiigusa mara moja haifanyi kitu, inakutajia tu ulichogusa, mpaka uguse mara mbili. Nikagusa. "Kitufe. Rudi nyuma." Nikagusa tena kwa kiherehere, sijui mara ngapi, ikaanza upya tangu juu: "Karibu Kizimbani..."

Kulikuwa na mzee mmoja ameshika tasbihi yake, naye bila ya kuambiwa akawa anavuta punje moja kwa kila ziara. Zikaisha zote. "Tisini na tisa!" akasema. "Jamani, mwanamke huyu wa kwenye simu anavuta uradi!"

Baraza likavunjika kwa kicheko, likatulia pale sauti ilipobadilika: "Simba. Tembo. Mlima Kilimanjaro."

Muuza kahawa akabaki na kikombe hewani. Jirani yake Ami akakohoa. "Sheikh, hao simba unawafuga upande gani? Maana mbuzi wangu wanapita kwako kila siku."

Ami hakucheka. "Hayo yameandikwa wapi, mwanangu?"

"Chini ya ukurasa, Ami."

"Mbona mjukuu wangu asubuhi alinisomea, hakuyasoma?"

"Hayaonekani, Ami."

"Hayaonekani kwa nani? Mimi ndiye kipofu, na nimeyaona yote."

Nikatazama kandambili zangu. Akaendelea, pole pole, na hilo ndilo lililouma. "Miaka yote nafukuza papasi getini wasiwavute wageni wangu mikono. Wewe umenitia papasi ndani ya simu, tena umemvisha kanzu." (Papasi, kwa msiokuwa wa huku, ni kupe, na ndilo jina la wale vijana wa Mji Mkongwe wanaomganda mtalii mpaka mlango wa hoteli.)

Usiku nikasoma kanuni za Google zenyewe, jambo nililotakiwa kulifanya mwanzo. Maandishi ya kuficha na kurundika maneno yametajwa wazi, na malipo yake ni ukurasa kushushwa chini au kuondolewa kabisa. Nilikuwa pia nimejaza ile sehemu ya ndani ya ukurasa ya kuorodhesha maneno muhimu. Kumbe Google ilishatangaza tangu 2009 kwamba haiitazami katika kupanga matokeo. Hata wizi wangu ulikuwa wa kizamani.

Nikafuta yote. Wiki nzima Ami akakaa na mimi, yeye anasema mimi naandika: kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, kwa nini mzizi wa mdalasini unanukia kafuri, kwa nini ua la vanila huku huchavushwa kwa mkono. Kila kiungo kikapata ukurasa wake. Picha nikazipunguza uzito, nikaziandikia maelezo, maana ile sauti ilipofika kwenye picha ilikuwa inasoma jina la faili, IMG na namba zake, na Ami anauliza, "Nani huyu Ai-Emu-Ji?" Ya mnazi nikaandika "Mwenye shamba akikwea mnazi", akanirudisha. "Mimi nina miaka mingapi sijakwea mnazi? Andika kijana wa jirani." Nikaandika kijana wa jirani.

Barazani hawajasahau. Mpaka leo nikinunua kahawa, muuza kahawa ananihesabia chenji mkononi, "Ziara ya viungo, ziara ya viungo, ziara ya viungo...", na yule mzee, tasbihi mkononi, anaitikia kutoka pembeni: "Simba."