Viti viko Washington, sebule imeuzwa Dallas

Mwanzoni mwa Juni 2023, katika mnada wa siku tatu mjini Dallas, sebule ya Archie Bunker ilinadiwa ikaenda kwa dola 125,000. Ndiyo sebule ya All in the Family, kichekesho cha televisheni kilichoanza kurushwa Marekani mwaka 1971, kikamfanya Archie, mzee mkaidi wa Queens, New York, na ubaguzi wake na maneno yake ya kukwaruza, kuwa kama jamaa wa nyumbani kwa mamilioni ya watazamaji. Lakini viti viwili vya mwanzo vya sebule hiyo, kile ambacho Archie hakutaka mtu mwingine akikalie na kile cha Edith mkewe, vilikuwa vimeshaondoka zamani. Viko Washington tangu 1978, chini ya Smithsonian, taasisi kubwa ya makumbusho ya Marekani, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani.

Chumba kimoja kimegawanyika, viti huku na kuta kule. Ndani ya mgawanyo huo naona mzozo mzima wa kunadi mavazi na vyombo vya vipindi tunavyovipenda. Wapo wanaoona mnada ni kutawanya kilichokuwa cha wote kikafichwe majumbani mwa wenye pesa, na wapo wanaosema bila mnada vitu hivi visingekuwepo hata leo tukavigombania. Mimi nasimama karibu zaidi na hawa wa pili, ila namna mauzo haya yanavyofanywa bado inanikera.

Kipindi cha televisheni kikiisha, huwa hakuna anayekaa kuaga vyombo. Jukwaa linasubiriwa na kipindi kingine. Kuta za mbao nyembamba zinabomolewa, fanicha inarudi ghalani au kwa kampuni iliyoikodisha, na mavazi yanarudi stoo. Huko yanafuliwa, yanapunguzwa kiuno, yanakatwa mikono, kisha anavalishwa mwigizaji mwingine katika hadithi nyingine. Gauni ambalo watu walilicheka wakalilia linageuka kitambaa tu. Na kwa kawaida vyote hivyo ni mali ya studio au kampuni ya utayarishaji, hivyo mwigizaji aliyelivaa koti moja miaka kumi anaweza asiwe na haki yoyote juu yake.

Hata viti vya Archie vilikuwa vitu vya mitumba, vilivyonunuliwa kwa dola chache tu. Hakuna aliyevinunua akidhani vitaingia makumbusho. Norman Lear, aliyekibuni kipindi, alivitoa kwa Smithsonian akiamini safari imefika mwisho. Kumbe ilikuwa bado. Kipindi kikaongezewa msimu, na mafundi wakalazimika kutengeneza viti vingine vinavyofanana na vile, kwa gharama iliyopita mbali bei ya viti vyenyewe. Kwa hiyo kuna kiti cha Archie kilicho makumbusho, na kuna kiti ambacho Archie huyohuyo alikikalia baada ya hapo. Ukiniuliza kipi ndicho chenyewe, nitakujibu vyote viwili, mradi mtu asinifiche kipi ni kipi.

Mnada huo wa Dallas ulikuwa wa James Comisar, mtu aliyetumia zaidi ya miaka 30 kukusanya vitu vya televisheni ya Marekani wakati wengi waliviona ni takataka. Nia yake haikuwa kuuza. Alitaka kujenga makumbusho ya televisheni, na miaka yote hiyo alilipia maghala yenye joto na unyevu unaodhibitiwa, kwa sababu mwanga unafifisha rangi za vitambaa, na vinyago vya povu la mpira hukauka vikamomonyoka kama mkate mkavu. Makumbusho hayakupatikana. Mwisho akaviweka mnadani, na kaunta ya baa ya Cheers, kipindi kilichorushwa kuanzia 1982 hadi 1993, ikaongoza kwa dola 675,000.

Kaunta hiyo ilikuwa imewahi kukaa mahali pa umma. Ilionyeshwa katika Hollywood Entertainment Museum ya Los Angeles hadi makumbusho hayo yalipofungwa mwaka 2006. Wanaosema “vitu hivi vipelekwe makumbusho” waitazame historia hiyo bila kuipepesa macho. Makumbusho nayo hufunga milango, huishiwa fedha, na hata yaliyo imara huweka sehemu kubwa ya mali yao ghalani, isikoonekana na mtu. Smithsonian ilipokea sehemu za jukwaa la M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa jeshi vitani, mwaka 1983, na mwaka 2004 mchekeshaji Jerry Seinfeld akawapa lile shati jeupe la marinda kifuani ambalo katika kisa kimoja cha kipindi chake alikubali kulivaa kwa sababu tu hakusikia alichoulizwa. Hizo ni zawadi chache zilizochaguliwa kwa makini. Hakuna taasisi duniani itakayopokea kila kikombe, kila mto wa kochi na kila tai ya kila kipindi kilichowahi kupendwa.

Kwa hiyo soko linafanya kazi ambayo taasisi haziwezi kuifanya peke yake. Bei ndiyo inayomfanya mtunza stoo afikiri mara mbili kabla ya kutupa. Mtu aliyetoa dola 50,000 kununua koti hatalitundika dirishani likaliwe na jua. Na baadhi ya mauzo haya yamefanywa kwa namna ambayo sioni hata chembe ya kulaumu. Henry Winkler, aliyemwigiza Fonzie katika kipindi cha Happy Days, alishaona koti moja la ngozi la mhusika wake likienda Smithsonian mwaka 1980. Mwaka 2021 akaliuza jingine alilokuwa nalo mwenyewe, likafika kiasi cha dola 75,000, na fedha zikaelekezwa kwenye msaada kwa familia za wahamiaji mpakani mwa Marekani na Mexico. Koti moja liko kwa umma na la pili limelisha watu. Sijui mtu angetaka nini zaidi.

Kisha kuna buti za mwigizaji Alan Alda. Alizivaa kama daktari Hawkeye Pierce katika M*A*S*H kwa misimu yote 11, kuanzia 1972 hadi 1983, pamoja na vibati vya utambulisho vya kijeshi alivyovaa shingoni chini ya shati. Mavazi mengi ya kuigiza hutengenezwa ili yaonekane yamechakaa. Hizi zilichakaa kweli, miguuni mwa mtu mmoja, mwaka baada ya mwaka. Na vile vibati havikuandikwa jina la mhusika. Vilikuwa na majina ya wanajeshi halisi wawili, na Alda amesimulia kwamba kila siku alipovivaa aliwafikiria watu hao. Kamera haikuwahi kuyasoma majina hayo. Yalikuwa yake yeye na ngozi ya kifua chake. Alivitunza miaka 40, kisha mwaka 2023 akaviuza pamoja na buti kwa dola 125,000, fedha zikaenda kwa kituo chenye jina lake katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, kinachowafundisha wanasayansi kuzungumza na watu wa kawaida wakaeleweka.

Kilichonigusa hapo si bei. Ni kwamba kabla ya kuuza, Alda alisimulia. Aliyenunua alinunua buti pamoja na habari zake, na sisi tusionunua tulibaki na habari. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kama kuna mahali ambapo methali hiyo inakaa vizuri zaidi kuliko kwenye stoo ya kipindi cha televisheni. Kikombe cha kahawa hakina thamani kwa udongo wake. Thamani yake ni kwamba tunajua nani alikishika, akisema nini, akimtazama nani. Ondoa ujuzi huo, kinabaki kikombe.

Hapo ndipo wanaopinga minada wananishika pabaya, na nakiri wana hoja. Katalogi ya mnada huandika kile kinachouza, yaani jina la mwigizaji, msimu, na sehemu ambayo vazi lilionekana. Mbunifu wa mavazi mara nyingi anapewa mstari mmoja, au hapewi kabisa. Mshonaji hatajwi. Seremala aliyepaka mbao mpya rangi ya uzee hatajwi. Wataalamu wa nyumba za mnada wana ustadi mkubwa wa kulinganisha kitu na picha ya kipindi, wakafuata mistari ya mbao, doa la pindo, kitufe kilichoshonwa kwa uzi wa rangi tofauti, hadi wathibitishe kwamba ndicho chenyewe kilichoonekana kwenye skrini. Naustahi ustadi huo. Lakini lengo lake ni kumhakikishia mnunuzi. Ukishatoka uthibitisho na pesa ikalipwa, pamoja na ile ada ya mnunuzi inayoongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho lililoshinda, kazi imekwisha. Hakuna anayelazimika kuandika vazi lilikatwaje, lilirekebishwa mara ngapi, wala lilikuwa na nakala ngapi.

Na nakala ni tatizo kweli. Vazi lenye kazi nyingi hushonwa mawili au matatu, moja la picha za karibu, moja la kumwagiwa maji, moja la akiba. Yote ni halisi, ila si sawa. Zaidi ya hayo kuna nakala zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya sherehe na matangazo, ambazo hazikuwahi kuguswa na mwigizaji yeyote. Septemba 2024, kipindi cha Friends kilipotimiza miaka 30, nakala ya kochi la rangi ya chungwa la mkahawa wa Central Perk iliuzwa kwa dola 29,250. Ilitangazwa waziwazi kuwa ni nakala, hakuna aliyedanganywa. Lakini bei hiyo inaonyesha kiu ya watu ilivyo kubwa. Nyumba za mnada zikijua kwamba hata mfano wa kochi unalipa hivyo, kishawishi cha kuwachanganya watu kwa maneno ya nusunusu hakitakuwa kidogo, na mnunuzi wa pili, atakayekuta kochi hilo miaka 20 ijayo bila karatasi, atasimuliwa chochote.

Kipindi hichohicho kina kitu kingine ambacho hakikunadiwa. Jikoni kwa Monica, mmoja wa wahusika, palikuwa na chombo cha biskuti chenye uso wa saa uliochorwa. Siku moja mwigizaji Lisa Kudrow, akitakiwa kuonyesha kwamba amechelewa, alikosa saa ya kuitazama, akakinyoshea kidole chombo kile akaendelea na maneno yake. Mwigizaji mwenzake Matthew Perry alicheka sana. Walipomaliza kazi mwaka 2004 alikichukua akampa Kudrow, na baada ya Perry kufariki Oktoba 2023 chombo kile kimekuwa kumbukumbu ambayo sidhani kuna dau lingeifikia. Lakini fikiria kingekuwa kimepita stoo, kikaingizwa kwenye fungu la “vyombo vya jikoni, vipande vitano”. Aliyekinunua angeweka biskuti.

Kwa hiyo ningeomba mambo mawili tu kwa anayeuza, awe studio, mwigizaji au mkusanyaji. Kwanza, chumba kisivunjwe mafungu. Buti zinaweza kusafiri peke yake kwa sababu zilikuwa za mtu mmoja, na koti vilevile. Lakini jukwaa la kichekesho cha televisheni lilibuniwa kama mwili mmoja. Mlango uko pale ili jirani aingie bila kubisha, na kiti kimeelekezwa kule ili mzee aone kila anayeshuka ngazi. Ukiuza taa kwa mmoja, picha ya ukutani kwa mwingine na zulia kwa wa tatu, utapata pesa nyingi pengine kuliko ukiuza kwa pamoja, na ndiyo maana hutokea. Hapo ni sawa taasisi kupewa nafasi ya kwanza kwa bei iliyopunguzwa, au mnunuzi kutakiwa kukubali kuazima kwa maonyesho.

La pili ni rahisi zaidi na halipunguzi hata senti. Kabla ya nyundo kugonga, kila kitu kipigwe picha ndani na nje, kipimwe, na waliokitengeneza na kukitumia waulizwe wangali hai. Kumbukumbu hiyo iachwe kwenye maktaba au makumbusho, kama yale ya vichekesho yaliyofunguliwa Jamestown, New York, mwaka 2018. Kitu kiende kwa mwenye pesa, na habari zake zibaki kwa wote.

Nasisitiza hili la pili kwa sababu ya jambo lililotokea kwenye jukwaa la Cheers kabla ya mnada wowote. Nicholas Colasanto, aliyemwigiza Coach, mhudumu wa baa hiyo, alikuwa akiandika mistari yake ya maneno kwenye mbao na vyombo vya jukwaani ili asiisahau. Mstari mmoja, kutoka kisa cha rafiki wa Coach aliyefariki, ulisema ni kana kwamba bado yupo nasi. Colasanto alifariki mwaka 1985, na ule mstari ukabaki pale kwenye ubao, kwa mwandiko wake. Wenzake wakawa wakipita wanaugusa kwa mkono kabla ya kuanza kazi. Halafu jukwaa likapakwa rangi upya, na aliyeshika brashi hakuwa ameambiwa.