Msimu wa ECHL wa 2020/21: Je, Kombe la Fort Wayne Lina Uzito Ule Ule?

Tarehe 2 Julai 2021, katikati ya majira ya joto, Fort Wayne Komets ya jimbo la Indiana iliishinda South Carolina Stingrays na kutwaa Kombe la Kelly, baada ya kushinda mechi tatu na kupoteza moja katika fainali. Kombe hilo ndilo taji la ECHL, ligi ya kulipwa ya hoki ya barafu iliyo daraja la tatu Amerika Kaskazini, chini ya NHL na AHL. Komets ni klabu kongwe, iliyoanzishwa mwaka 1952, lakini hilo lilikuwa Kombe lake la Kelly la kwanza, nalo lilipatikana katika msimu ambao karibu nusu ya ligi haikucheza.

Wanaolitilia shaka taji hilo wana hoja nzito. Kati ya klabu 26, 12 zilijitoa kwa hiari kutokana na janga la UVIKO-19. 13 zilianza tarehe 11 Desemba 2020, na Fort Wayne ikajiunga nazo Februari. Matokeo yake ni kwamba mabingwa walicheza takriban mechi 50 kabla ya hatua ya mtoano, ilhali wapinzani wao wengi walikaribia 70. Ligi ikalazimika kupanga msimamo kwa asilimia ya pointi zilizopatikana kati ya zile zilizowezekana, ambapo ushindi una pointi 2. Chini ya hesabu hiyo, timu yenye pointi 66 katika mechi 50 inakaa juu ya timu yenye pointi 88 katika mechi 70. Kihesabu hakuna kosa. Lakini mchezo huu ni wa kugongana miili, na mechi 20 za ziada, pamoja na safari za basi za usiku kucha, huacha majeraha na uchovu usioonekana katika asilimia.

Hata hivyo, sioni kuwa hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Kila timu iliyoingia uwanjani ilijua kanuni hizo, na Komets bado walipaswa kushinda raundi tatu za mtoano. Isitoshe, AHL, iliyo daraja la juu zaidi, haikutoa kabisa Kombe lake la Calder mwaka huo.

Suala zito zaidi ni fedha, na hasa nani alibeba hasara. Klabu ya ECHL haiishi kwa mikataba minono ya televisheni kama ya NHL. Huishi kwa viingilio, vyakula na vinywaji vinavyouzwa ukumbini, na wadhamini wa mjini. Pale mamlaka ziliporuhusu mashabiki wachache, kama Florida, Texas na Oklahoma, mwenye klabu aliweza angalau kupunguza hasara. Pale ukumbi ulipofungwa, kila mechi ya nyumbani ingekuwa gharama tupu. Kwa klabu za Newfoundland na Brampton za Kanada, mpaka wenyewe ulikuwa umefungwa. Ni kweli kwamba Atlanta na Norfolk, zilizo kusini, nazo zilijitoa, kwa hiyo jiografia peke yake haielezi kila kitu. Lakini kumlaumu mwenye klabu aliyekataa kucheza mbele ya viti vitupu ni kumtaka ajifilisi kwa ajili ya ratiba.

Upande wa pili, ligi iliyocheza ilikuwa na thamani kwa wachezaji ambayo wakosoaji huipuuza. Kuanzia Desemba hadi NHL ilipoanza tarehe 13 Januari 2021, ECHL ndiyo pekee iliyokuwa ikicheza kati ya madaraja hayo matatu. AHL ilianza Februari. Kipa kijana aliyekuwa akisubiri nafasi ya kupanda alipata mahali pa kuzuia mikwaju halisi badala ya kufanya mazoezi peke yake. NHL nayo iliruhusu kila klabu kubeba wachezaji wanne hadi sita wa akiba, na hilo likavuta watu kutoka chini hadi juu.

Tatizo ni kwamba faida hiyo haikuwafikia wote. Wachezaji wa klabu zilizojitoa waliruhusiwa kutafuta kazi kwingine msimu huo, uhuru ambao kwa maneno ni mzuri, lakini nafasi zilizobaki zilikuwa za timu 14 badala ya 26. Mshambuliaji wa miaka 22 mwenye kipaji angeweza kupata timu. Beki wa miaka 31, mwenye mke na watoto, ambaye nyumba yake ya msimu hulipiwa na klabu, alikuwa na sababu nyingi za kustaafu.

Ukiziangalia klabu, uamuzi wa kujitoa haukuwa wa maangamizi. Ni Brampton pekee kati ya zile 12 iliyovunjwa, mnamo Februari 2021; 11 zilirudi msimu uliofuata, na Toledo, iliyokaa nje mwaka mzima, ilifika fainali ya Kombe la Kelly mwaka 2022 ikafungwa na klabu ya Florida Everblades. Klabu inaweza kulala mwaka mmoja ikaamka na nembo, ukumbi na mashabiki wake. Mchezaji wa daraja la tatu hana mwaka wa kulala, na kwa msingi huo naona ligi ilifanya sawa kuziruhusu zilizoweza zicheze, ila ilipaswa kuweka mfuko wa kuwasaidia wale ambao waajiri wao walichagua kukaa nje.